Mama Yvan, Maharage Yake na Cheti cha Kilimo Hai

Ukifika Rågsved, kitongoji cha Stockholm, ukauliza mkulima anakaa wapi, watu watakucheka kwanza. Huku ni maghorofa, njia ya treni na duka la pizza. Lakini wakishamaliza kucheka watakuelekeza ghorofa ya nne, mlango wenye buti za mpira nje yake, zimejaa matope hadi juu. Majirani wengine wameweka maua ya plastiki mlangoni. Mama Yvan ameweka udongo wa shambani kwake Upplands Väsby, na hakuna aliyewahi kumlalamikia, kwa sababu wote wameshakula mboga zake.

Jina lake ni Vénantie, ila hilo limebaki la kwenye barua za serikali. Sisi tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Yvan, kijana ambaye mama akimsemesha Kirundi anajibu Kiswidi, na akimsemesha Kiswahili anajibu kwa mabega. Kiswahili chenyewe mama alikiokota kambini, upande wa Kigoma, miaka ile Warundi walipokuwa wanavuka mpaka na godoro kichwani. Alifika Stockholm akiwa na mume, Révérien, mtoto mmoja mgongoni, na ujuzi ambao hakuna karani aliyeuona una maana: alijua kulima.

Kwa hiyo walimpa kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, huko Farsta. Kuogesha, kupika, kufungua mapazia, kusikiliza hadithi ileile ya vita vya bei ya maziwa. Mmoja wa wazee wake alikuwa bibi aliyelalamika kwamba nyumbani mwake hakioti kitu ila vumbi. Mama Yvan akamletea chungu chenye lenga-lenga, ule mchicha wetu, akakiweka dirishani. Mboga ikapanda juu kama inatafuta mlango wa kutokea.

Jumapili moja akaja mdogo wake yule bibi, Elsa, mwanamke wa shamba, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Hayo ni magugu," Elsa akasema.

"Hayo magugu tunayala," Mama Yvan akamjibu.

"Nani anayala?"

"Wewe, baada ya dakika kumi. Kaa."

Akayakaanga na kitunguu na siagi. Elsa akala sahani mbili akasema yanaweza kulika, ambayo kwa mama wa Kiswidi wa umri ule ni sawa na vigelegele. Kabla majani ya vuli hayajadondoka, alikuwa amemkodisha Mama Yvan kipande cha ardhi ng'ambo ya mtaro, pembeni ya mashamba yake.

Hapa ndipo niwaeleze kidogo habari za cheti, na nitajitahidi nisiwalaze. Shamba la Elsa lilikuwa na cheti cha kilimo hai tangu mumewe akiwa hai: hakuna mbolea ya chumvichumvi, hakuna dawa ya kupulizia, hakuna mbegu iliyopakwa dawa. Kila mwaka mkaguzi anakuja, anatembea, anauliza. Ukiwa na cheti unauza kwa bei nzuri zaidi, na serikali inakupa ruzuku kwa sababu hukutia sumu kwenye maji ya wengine. Utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba ada ya ukaguzi haitazami ukubwa: mwenye shamba la kupotelea na mwenye shamba unaloliona lote ukiwa umekaa, wanatozwa karibu sawa. Ruzuku nayo ina macho mazuri lakini ya mbali. Shamba kubwa inaliona vizuri. Shamba la Mama Yvan haikuliona kabisa.

Elsa akatoa wazo: kipande kile kihesabiwe ndani ya shamba lake. Ombi moja, cheti kimoja, na mgao kulingana na ardhi. Ikawa kama ndoa. Na kama ndoa nyingine zote, ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya kitu kidogo.

"Kwenye ramani lazima nijaze zao," Elsa alisema, miwani puani, mbele ya kompyuta. "Umepanda nini?"

"Mahindi. Maharage yanapanda juu ya mahindi. Maboga yanatambaa chini. Lenga-lenga inakaa katikati."

"Kuna nafasi ya zao moja."

"Basi andika chakula."

Elsa hakuandika chakula. Aliandika mboga mchanganyiko, akapigiwa simu, akaeleza, akapigiwa tena, akaeleza kwa sauti ya juu kidogo. Mwisho kipande kikapita. Msimu wa kwanza Mama Yvan aliuza mboga zenye alama ya kilimo hai pale Farsta, kwenye uwanja wa mbele ya maduka, amevaa kitenge juu ya koti la baridi. Nilimwona kwa macho yangu akimwambia profesa mmoja kwamba hawezi kumuuzia fungu lile mpaka aeleze atalipikaje. Profesa alieleza. Akakosolewa. Akauziwa.

Sasa, jambo lenyewe lilitokea majira ya kuchipua ya mwaka 2010, na lilitokana na adabu. Si uzembe, si tamaa. Adabu tupu.

Kwetu Burundi kulima pamoja kunaitwa ikibiri. Ukialikwa kupanda kwa jirani, hufiki na mikono mitupu. Unakuja na gao la mbegu kutoka nyumbani kwako. Maharage ya kila nyumba yanamiminwa kwenye ungo mmoja, mekundu, ya njano, ya madoadoa, meusi, yanachanganywa kwa mikono, ndipo yanapandwa. Hakuna Mrundi anayepanda harage la rangi moja kama anayevaa sare ya shule. Mchanganyiko ukishindwa na mvua kwa rangi moja, rangi nyingine inasimama. Na kila aliyeleta akipita shambani anaweza kusema, yale pale ni yangu.

Jumamosi hiyo kanisa zima la Warundi lilihamia Upplands Väsby. Akina mama na majembe, akina baba na maoni, watoto na simu. Mimi nilishika jembe kwa heshima tu. Ungo ukawekwa juu ya gunia, kila nyumba ikamimina. Akaja Dorothée.

Dorothée ni rafiki wa Mama Yvan tangu kambini. Ana sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya ziwa na moyo wa kumwogeshea mtoto wako bila kuombwa. Alikuwa ametoka Bujumbura wiki chache nyuma. Maharage yake yalikuwa makubwa, meupe, yanang'aa.

"Tazameni hayo!" akasema. "Hayo ni ya duka la wakulima, si ya sokoni. Vénantie, nimekuletea ya kiheshima."

"Dada, umejitesa."

"Nijitese kwa ajili ya nani kama si wewe?"

Yakamiminwa. Yakachanganywa. Yakapandwa. Tukala ugali na samaki wa bwawa la Elsa, tukarudi mjini tukinuka moshi, na wiki mbili baadaye shamba lilikuwa kijani hadi Elsa alileta kiti akakaa kulitazama.

Wiki hiyo hiyo Mama Yvan alimtembelea Dorothée baada ya kazi. Jikoni akaiona sufuria juu ya kaunta, ile kubwa ya sherehe. Ndani imepakaa rangi ya waridi, kama midomo ya mtoto aliyelamba pipi.

"Dorothée, hii ulipika nini?"

"Sikupika. Nilioshea yale maharage yako. Hebu niambie, nimeisugua na majivu, na soda, na maombi. Haitoki!"

"Maharage yangu uliyaoshea nini?"

"Si yalikuwa na ule unga wa waridi wa dukani. Nikasema nitampelekeaje mwenzangu mbegu zimepakwa rangi kama bibi harusi? Nikaosha maji ya moto, nikaanika dirishani. Hukuona yalivyong'aa?"

Mama Yvan alikaa. Ule unga wa waridi si pambo. Ni dawa ya kuua ukungu, na wanaitia rangi makusudi ili mtu asije akapika mbegu. Mbegu zilizopakwa dawa ni jambo la kwanza kabisa linalokatazwa. Na sasa zilikuwa ardhini, zimechanganywa na za nyumba zote, kila shimo, kila mstari. Huwezi kung'oa mstari mmoja ukasema nimesafisha.

Alipomweleza Dorothée, yule mama mwenye sauti ya ziwa alinong'ona kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nimekuua."

"Hujaniua. Nipe chai."

Habari haikufika Jumapili bila kuzunguka kanisa. Baada ya ibada, kwenye kahawa, kila mtu alikuwa wakili.

"Mmeziosha, zimekwisha," alisema mmoja. "Dawa iko kwenye sinki la Dorothée, si shambani."

"Mkaguzi anatazama majani," akasema mwingine. "Majani yana mdomo?"

Révérien mwenyewe, mzee wa kanisa, alifunga vifungo vya koti akatoa hukumu. "Mke wangu, yule anakagua udongo. Hakagui roho."

"Roho yangu nani anaikagua, baba Yvan? Wewe?"

Révérien akafungua vifungo vya koti.

Yvan naye, kwa Kiswidi, alisema kwamba kisheria kama hukujua si kosa. Mama yake akamjibu kwa Kirundi kwamba sasa anajua. Na hapo ndipo mzigo wote ulipokuwa. Kama cheti kingekuwa chake peke yake, angekuwa ameshapiga simu siku ileile. Lakini cheti kilikuwa kimoja, na jina lililo juu yake lilikuwa la Elsa. Akisema, ardhi yote ingeweza kurudishwa kwenye kipindi cha mpito, miaka miwili ya kulima bila alama na bila ruzuku ya kilimo hai. Elsa alikuwa mjane, na ruzuku ile ndiyo iliyokuwa inamweka shambani. Asiposema, angekuwa anamuuzia profesa wa Farsta uongo uliofungwa na kamba ya mkonge.

Mimi niliacha chuo katikati kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Ningekuwa yeye ningeumwa tumbo siku ya ukaguzi nikamwachia Elsa maelezo.

Yeye alipanda treni ya kijani mpaka mjini, akabadilisha treni ya kuelekea kaskazini, akashuka Upplands Väsby, akachukua basi, akatembea kipande kilichobaki. Elsa alikuwa anaosha ndoo.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwaga maji.

"Kwa nini umekuja kuniambia mimi? Ungenyamaza nisingejua."

"Kwa sababu cheti ni chako pia. Shamba langu naweza kulitoa. Lako siwezi kulitoa bila wewe."

"Na nikisema unyamaze?"

Mama Yvan alitazama shamba. "Ukisema ninyamaze, nitanyamaza mbele ya mkaguzi. Lakini sitauza hata harage moja kwa alama ile. Nitayala yote mimi."

"Yote?"

"Nina kanisa."

Elsa alikaribia kucheka, akajizuia. Waliingia ndani wakatandaza ramani ya shamba mezani, na ni Mama Yvan aliyeweka kidole kwenye mtaro. Mtaro ulitenganisha kipande chake na mengine. Kama kipande kingetolewa kwenye ombi la pamoja kabla ya ukaguzi, kosa lingebaki ng'ambo ile.

"Ukijitoa, ruzuku hupati kabisa," Elsa akasema. "Wewe peke yako ni mdogo mno kwao. Na ukitaka kurudi utaanza kuhesabu upya."

"Najua."

"Miaka miwili utalima kama mtakatifu na kuuza kama mwenye dhambi."

"Elsa, mimi nimelima kambini kwenye kokoto. Toa kalamu."

Mkaguzi aliitwa Christina, mwanamke mtulivu aliyevaa buti safi za kutia shaka. Alipouliza kama kuna jambo lililobadilika tangu mwaka jana, Elsa alifungua mdomo, lakini Mama Yvan akawahi. Akaeleza yote: ungo, mbegu, unga wa waridi, kuoshwa.

"Nani alizileta?" Christina akauliza.

Dorothée alikuwa amesimama hatua chache nyuma na birika la chai, maana alikataa kubaki mjini. Birika lilianza kucheza.

"Zilimiminwa kwenye ungo wangu," Mama Yvan akasema. "Ungo ni wangu na shamba ni langu."

"Nahitaji kujua zilikotoka."

"Duka la wakulima, Bujumbura. Zikaja kwangu. Andika hivyo, ni kweli."

Christina alimtazama, akalitazama birika, akaandika hivyo. Kisha akavuka mtaro, akapima kwa macho, akachukua udongo pande zote mbili. Hukumu ikaja kwa barua baada ya wiki kadhaa: ardhi ya Elsa imebaki na cheti chake. Kipande cha ng'ambo kimetoka, na kikitaka kurudi kipite kipindi chote cha mpito.

Nimewaona watu wakishindwa mtihani wa leseni ya udereva wakahama mji. Mama Yvan alirudi shambani Jumamosi iliyofuata kupalilia. Msimu ule aliweka meza yake Farsta kama kawaida, bila alama. Wateja wakauliza kama ni za kilimo hai.

"Bado," akawajibu.

"Bado maana yake nini?"

"Maana yake uje tena mwaka kesho kutwa. Leo nunua kwa sababu ni tamu."

Wengine waliondoka. Profesa alibaki, akaulizwa tena atapikaje.

Kilichomuumiza hakikuwa meza ya Farsta. Majira ya kuchipua yaliyofuata alinunua mbegu safi zenye cheti chao, zote, kwenye mifuko ya karatasi, na akawaambia akina mama wasilete kitu. Ikibiri ikafanyika. Lakini uliona wanawake wamesimama kandokando ya shamba hawajui mikono waiweke wapi, kama wageni waliofika harusini wakakuta wamesahau zawadi. Nusu hawakuja kabisa.

"Tukija kupanda na mikono tu," mmoja alisema, "tofauti yetu na trekta ni nini?"

Dorothée alikuja, akalima kwa hasira, hakupiga kelele hata mara moja. Mama Yvan aliliona hilo. Aliniambia baadaye kwamba anaweza kukaa bila cheti, ila hawezi kulima na Dorothée aliyenyamaza.

Basi vuli ile, maharage yalipokauka kwenye banda la Elsa, aliweka kando sehemu nzuri ya mavuno, na chupa moja akamwachia Elsa. Akaipakia kwenye begi la magurudumu, lile la kuendea sokoni, akapita Rågsved nzima nyumba kwa nyumba.

"Haya ni ya kwangu, ya shamba langu," alisema kila mlango. "Usipike. Yatunze mpaka majira ya kuchipua. Siku ya ikibiri uje nayo."

"Kwa hiyo nikuletee maharage yako?"

"Yakikaa kwako baridi nzima ni yako. Ila usiyatie kitu. Hata ukiyaonea huruma."

Yakalala jikoni kwetu miezi yote ya giza, kwenye chupa za jamu, juu ya friji, nyuma ya unga. Watu waliyasalimia asubuhi. Nyumba mbili zililinganisha chupa zao mpaka zikagombana.

Mwaka 2012, kipindi cha mpito kilipofika mwisho, Christina akaja tena. Shambani hakukuwa na shida. Shida ilikuwa swali la mbegu za msimu mpya: zimehifadhiwa wapi?

"Rågsved," Mama Yvan akasema.

"Ghalani?"

"Jikoni. Jikoni nyingi."

Christina akafungua kanuni zake. Mbegu za mkulima mwenyewe zinaruhusiwa, hilo halina ubishi. Lakini kanuni zilimtaka aone zinapotunzwa, na hakuna kanuni iliyomwambia afanye nini kama ghala lina lifti. Akasema atachagua nyumba na kuitembelea. Mnajua alichagua ya nani.

Dorothée alisugua nyumba siku tatu. Alikaanga sambusa za kulisha kikosi. Mkaguzi alipoingia alimvua koti mwenyewe, akamkalisha, akamwekea chupa ya jamu mbele yake na kitambaa cheupe chini yake.

"Umetia kitu chochote humu?" Christina akauliza.

"Dada yangu, hata jicho sijayatia. Natazama ukuta nikipita."

Christina akafungua, akamimina kiganjani, akayageuza, mekundu, ya njano, ya madoadoa. Akauliza yalikuja lini, kutoka banda gani. Dorothée akajibu yote, kwa Kiswidi chake cha kupigana nacho, sauti ikipanda kidogo kidogo mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Yvan alikuwa amesimama nami mlangoni na sare ya kazi, amechelewa zamu yake Farsta.

Christina akarudisha maharage, akafunga kifuniko. "Kwa upande wangu hakuna tatizo. Kipande kinaweza kurudi."

"Kwenye ombi la Elsa?" Mama Yvan akauliza. "Pamoja?"

"Pamoja."

Dorothée alipiga kigelegele ambacho naamini kilisikika Farsta. Mama Yvan hakupiga kelele. Alitoa simu mfukoni, akampigia Elsa, akamweleza kwa maneno machache, kisha akasikiliza. Tukamwona anaanza kucheka, akashika ukuta, akageuka kwa Christina na simu mkononi.

"Elsa anauliza," akasema, "chupa yake lini utakuja kuikagua. Ameipangusa tangu asubuhi na anasema ya kwake ndiyo imetunzwa vizuri kuliko zote."